Mtu wa mtandaoni ameuawa: nini kitangazwe, nini kiachwe

Swali: Nasimamia dawati la habari katika redio ndogo mkoani Mbeya. Tuna pia ukurasa wa Facebook, Instagram na YouTube. Binti mzaliwa wa ukanda wetu huu, aliyejulikana kwa video zake za TikTok, ameuawa. Kabla polisi hawajasema neno, jina lake, picha zake na klipu moja ya kutisha vilishajaa kwenye magrupu. Meneja anasema tunachelewa, wenzetu wameshapandisha. Mtangazaji wa jioni anataka turushe video yake ya zamani akilia kwamba anatishiwa. Na sisi wenyewe tuna mahojiano tuliyofanya naye mwaka jana. Tutoe nini, tuache nini, na tufuate utaratibu gani?

Jibu: Pole sana dada, wewe na wenzako, maana msiba huu ni wa nyumbani.

Kosa kubwa linalofanyika katika habari za namna hii ni kuacha tukio na kuhamia kwenye akaunti ya marehemu. Mtu ameuawa. Kuna aliyeua, kuna mahali alipouawa, kuna polisi wenye wajibu wa kupeleleza, na kuna familia inayosubiri kukabidhiwa mwili. Hiyo ndiyo habari. Lakini marehemu ameacha mamia ya video ambazo mtu anazipata bila hata kupiga simu, kwa hiyo chumba cha habari kinaanza kuzichota, na ikifika jioni msikilizaji anajua marehemu alivaa nini kwenye sherehe ya mwezi uliopita ila hajui kama kuna mtu anashikiliwa. Marehemu alichagua kurusha mapishi yake, vichekesho vyake, mavazi yake. Hakuchagua vitumike kupambia habari ya kifo chake. Karibu kila ninachokushauri hapa chini kinatoka hapo.

Anza na kujua kwa hakika ni nani aliyekufa. Mnahitaji angalau vyanzo viwili visivyotegemeana. Cha kwanza ni Kamanda wa Polisi wa Mkoa au afisa aliyemruhusu kusema. Cha pili ni ndugu wa karibu, au kiongozi wa mtaa aliyefika mwenyewe eneo la tukio: mwenyekiti, au mtendaji. Muhudumu wa chumba cha maiti anaweza kukusaidia kujua kama mwili umepokelewa, lakini hana mamlaka ya kukutajia jina, na akikutajia unamweka yeye kwenye matatizo. Kamenti mia tano za "pumzika dada" zote zinaweza kuwa zimetokana na posti moja ya uongo, kwa hiyo zihesabu kama chanzo kimoja ambacho hakijathibitishwa.

Kisha kuna akaunti. Mtu mwenye wafuasi huwa na akaunti feki tatu nne zenye jina lile lile na picha zile zile, na baada ya kifo zinaongezeka kwa saa. Alama ya bluu haitoshi tena kuwa ushahidi, kwa sababu siku hizi kwenye baadhi ya mitandao inalipiwa. Mwombe ndugu au rafiki wa karibu akufungulie kwenye simu yake akaunti anayoifahamu, uandike jina lake herufi kwa herufi, halafu uangalie posti ya kwanza kabisa ni ya lini na kama sura na mahali vinafuatana kwa miezi. Akaunti iliyoanza wiki mbili zilizopita ikiwa na video mia zilizopandishwa siku moja, hiyo si yake. Picha ya mtu aliye hai ikitangazwa kuwa ya marehemu, msamaha mtakaoomba hautafika kila ilikofika picha.

Baada ya hapo, swali la familia. Kwa mikoa yetu hii lina uzito wa pekee. Binti anaishi Uyole, mama yuko Kyela kijijini ambako simu inashika mtandao ukipanda kilimani, baba yuko machimboni Chunya, kaka ni dereva wa lori amesimama foleni Tunduma. Wote hao wana redio. Kwa hiyo usiulize tu "familia imejulishwa?" Uliza: nani amejulishwa, amejulishwa na nani, na nani bado hajajulishwa. Mzazi, mwenza na watoto wakubwa wakiwa bado, jina halisomwi hewani. Meneja atakuambia jina limeshaenea WhatsApp. Ni kweli, lakini mama anayesikia uvumi kwa jirani bado ana nafasi ya kuuliza kama ni kweli. Akisikia taarifa ya habari ya saa saba, nafasi hiyo nyinyi mmeshaifunga.

Hilo halina maana mkae kimya. Taarifa ya kwanza inaweza kwenda hewani ndani ya dakika chache baada ya kamanda kuthibitisha. Mfano wa kubuni:

"Jeshi la Polisi mkoani Mbeya linachunguza kifo cha mwanamke mwenye umri wa miaka 24, ambaye mwili wake umekutwa leo asubuhi kwenye nyumba aliyokuwa akiishi jijini Mbeya. Kamanda wa Polisi wa Mkoa amethibitisha kifo hicho na kusema mtu mmoja anashikiliwa kwa mahojiano. Jina la marehemu tutalitaja baada ya ndugu zake kujulishwa. Kama umetumiwa picha au video za tukio hilo, tunakuomba usizisambaze."

Angalia yaliyoachwa. Hakuna neno "kikatili", kwa sababu hakuna anayehitaji kuambiwa. Hakuna silaha wala idadi ya majeraha. Hakuna sababu. Na ile sentensi ya mwisho iwekeni tu kama klipu imeshaenea, kama ilivyo kwenu. Ikiwa bado iko mikononi mwa wachache, iondoeni, maana mtakuwa mnaitangaza.

Kuhusu jina lenyewe: tumia kwanza lile ambalo watu walimjua nalo, kisha jina kamili kama familia inavyolitamka na kuliandika, na si kama lilivyo kwenye skrinishoti ya kitambulisho. Qandeel Baloch, mrusha video maarufu wa Pakistan, ni funzo linalouma. Vyombo vya habari vya kwao vilichapisha hati yake ya kusafiria, jina lake la kuzaliwa likajulikana kuwa Fouzia Azeem na asili yake ikawekwa wazi. Wiki chache baadaye, Julai 2016, kaka yake alimnyonga akidai amelichafua jina la familia. Sasa marehemu wenu hawezi tena kudhuriwa, lakini wapo ndugu zake: dada anayesoma, mama anayeuza sokoni. Jina la kijiji, jina la shule ya mdogo wake, picha ya nyumba yao yenye mlango wa bluu, hivyo vyote havimsaidii msikilizaji kuelewa mauaji.

Na cheo chake mtandaoni? Bianca Devins alikuwa na umri wa miaka 17 alipouawa Utica, jimbo la New York, tarehe 14 Julai 2019. Vyombo vingi vilimwita nyota wa Instagram. Wafuasi wake kabla ya kifo walikuwa wachache; maelfu walikuja baadaye kwa udadisi, na waandishi wakaisoma namba iliyovimba kana kwamba ndiyo iliyokuwepo. Kwa hiyo kama lazima mtaje idadi, tafuteni ya kabla ya siku ya tukio. Mimi ningeiacha kabisa. "Aliyekuwa akirusha video za mapishi na vichekesho" inatosha na inamweleza vizuri kuliko "staa mwenye wafuasi laki mbili".

Sasa klipu. Hapa sitazunguka: msiirushe. Msiirushe hata ikiwa imefifishwa, msikate sekunde tatu za mwanzo, msirushe sauti peke yake. Nyinyi ni redio, na sauti ndiyo mtego wenu. Watu wa televisheni wanajua kufunika uso, ila kilio cha mtu anayekufa hakina kitambaa cha kukifunika, na kwenye daladala mtoto anakisikia kama mkubwa. Mei 13, 2025, Valeria Márquez alipigwa risasi akiwa mubashara TikTok ndani ya saluni yake huko Zapopan, Mexico. Vyombo vingi duniani vilionyesha video hiyo vikiikata kabla ya risasi, vikaona vimefanya ustaarabu. Mtazamaji bado anaangalia dakika ya mwisho ya mtu akijua kinachofuata, na mtu huyo amefanywa kuwa kionjo. Tena ukionyesha mwanzo, asilimia kubwa ya kazi ya kutafuta sehemu iliyobaki umeshamfanyia mtazamaji: anajua nguo, chumba, na akaunti. Baada ya shambulio la misikiti ya Christchurch, New Zealand, Machi 15, 2019, ambalo muuaji alilirusha mubashara, Facebook ilisema iliondoa au kuzuia nakala milioni 1.5 za video ile katika saa 24 za kwanza. Hivyo ndivyo kitu kinavyozaana kikishapata mlango, na ukurasa wenu ni mlango.

Kwa sababu hiyo hiyo msielekeze: msitaje ilikopandishwa, msiweke kiungo, msisome maneno yaliyoandikwa juu yake. Katika kisa cha Bianca, muuaji mwenyewe ndiye aliyepandisha picha za mwili, na wapo waliozituma hadi kwa familia yake. Watu mtandaoni wakaanza kujaza matokeo ya utafutaji wa jina lake kwa picha za mawingu ya waridi na paka ili zile nyingine zizame. Muuaji akipiga picha ili zionekane, kila anayezionyesha anamkamilishia kazi.

Lakini lazima mtu mmoja pale ofisini aiangalie, ili mjue ni ya kweli, ni ya tukio hili, si ya Brazil ya mwaka 2018. Awe mtu mzima mwenye uzoefu, na asiwe kijana wa mafunzo kwa vitendo. Aiangalie kwanza bila sauti, dirisha likiwa dogo, akiangalia pembeni kwa vitu vya kuthibitisha: maandishi ukutani, soketi, sare, lugha. Sauti iwashwe mara moja tu, pale inapohitajika kusikia kinachosemwa. Nakala moja ihifadhiwe kwenye diski ya nje pamoja na tarehe, saa, aliyeituma na kiungo chake, basi. Isiingizwe kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, kwa sababu simu nyingi zimewekwa kupakua zenyewe, na ghafla mhasibu, dereva na mtoto wa mtangazaji anayechezea simu ya mama yake wameiona. Zima upakuaji wa moja kwa moja kwenye simu zote za kazi leo hii. Na ukitaka picha yenye taarifa zake za asili, za saa na kifaa kilichopiga, mwombe aliyepiga aitume kama dokumenti. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa na taarifa hizo zinafutika.

Je, hakuna picha ngumu inayostahili kutolewa? Ipo, na mfano wake uko hapa hapa nyanda za juu. Septemba 2, 2012, Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa kazini. Picha zilizomwonyesha akiwa amezingirwa na askari muda mfupi kabla ya kifo zilichapishwa, na ilikuwa sahihi kuzichapisha. Zilionyesha watumishi wa umma wakifanya jambo ambalo umma ulikuwa na haki ya kulijua, na maneno peke yake yangeweza kupingwa. Hicho ndicho kipimo: picha inathibitisha kitu kinachobishaniwa, kinachohusu mamlaka au usalama wa watu, na hakiwezi kuthibitishwa kwa njia nyingine. Klipu yenu inathibitisha nini ambacho kamanda hajakisema? Kama jibu ni "hakuna", imeishia kwenye diski.

Picha ya kumtambulisha marehemu ichaguliwe na familia ikiwezekana. Ikiwa bado hamjafikia familia, chukueni ile inayofanana na kazi zake za kila siku, uso ukiwa wazi, akiwa peke yake. Epukeni picha tano: aliyovaa nguo ya kuogelea, anayolia, aliyo na anayetuhumiwa, aliyo na mtoto wake, na ya pombe mezani. Zote tano zinatoa hukumu kimya kimya. Ya mtoto msiifiche kwa ukungu. Ikateni kabisa, kwa sababu majirani na wanafunzi wenzake watamjua kwa sweta. Kumbukeni pia kwamba picha kuwa Instagram hakuifanyi kuwa ya bure. Mwenye haki ni aliyeipiga, na kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haki hiyo inaendelea kwa miaka 50 baada ya kifo cha mpiga picha huyo. Mtafuteni mpiga picha wake. Mara nyingi ni kijana wa studio pale Mwanjelwa au Kabwe, na ataridhia akitajwa jina.

Video ya marehemu akilia kwamba anatishiwa nayo inahitaji kazi kabla ya kuamuliwa. Maswali manne. Ilirushwa lini, na je, tunayo nzima au kipande kilichokatwa na mtu mwingine? Ilikuwa kweli au ilikuwa igizo? Wasanii wa TikTok wanaigiza ugomvi wa mapenzi kila siku, na klipu ya kuchekesha ikiondolewa kicheko cha mwisho inageuka ushahidi. Je, anamtaja mtu? Na je, alitoa taarifa popote? Swali hili la mwisho ndilo linaloweza kuifanya video hiyo kuwa habari ya kweli. Kama alikwenda kituo cha polisi na akapewa namba ya RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni), au alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, au aliripoti akaunti iliyomtishia, basi mna habari kubwa kuliko machozi: aliomba msaada, nini kilifanyika? Hapo mnampigia kamanda mkiwa na swali la maana. Mkishapata majibu, sentensi moja ya maneno yake isomwe na msomaji wa habari kwa sauti ya kawaida, bila jina la anayetajwa. Machozi yenyewe yaacheni. Na kichwa cha habari cha "alitabiri kifo chake" kifutwe popote kitakapotokea, kwa kuwa mtu anayesema anatishiwa hatabiri, anaripoti.

Kuhusu sababu ya mauaji, taarifa nyingi za polisi huja na "chanzo ni wivu wa mapenzi". Mkiipokea, iwekeni kinywani mwa kamanda na muishushe aya ya nne au ya tano. Isiende kwenye kichwa cha habari. Fikiria maelezo hayo yametoka wapi: aliyekufa hasemi, kwa hiyo mara nyingi ni maelezo ya anayeshikiliwa, na nyinyi mnayageuza kuwa ukweli wa taifa. Yanamfanya marehemu aonekane amechangia. Nairobi, Januari 2024, baada ya Starlet Wahu, aliyejulikana mtandaoni, kuuawa katika nyumba ya kupangisha kwa muda mfupi, mjadala mkubwa mtandaoni ulikuwa alifuata nini pale na aliishi maisha gani. Kabla mwezi haujaisha, Januari 27, maelfu waliandamana katika miji ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, na moja ya mambo waliyoyakataa ni kumlaumu aliyeuawa.

Ushirikina nao uogopeni, hasa ukanda wetu. Mauaji ya watoto Njombe mwanzoni mwa 2019 yaliambatana na hofu na tetesi za imani za kishirikina zilizokimbia kuliko upelelezi. Msikilizaji akipiga simu hewani akasema "huyu alitolewa kafara na matajiri", mtangazaji akate hapo hapo na kueleza kwamba hakuna chombo kilichothibitisha hivyo. Kimya cha mtangazaji kinahesabika kama kukubali, na kesho yake mzee fulani mwenye macho mekundu anaweza kuchomewa nyumba. Nashauri wiki ya kwanza msifungue simu kabisa kwenye mada hii. Ujumbe mfupi unaosomwa na mhariri kwanza unatosha.

Nitakaa kidogo kwenye upande wa mahakama, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi hutokea hata kwa wakongwe.

Mtu akikamatwa, andikeni "mtu mmoja anashikiliwa", pamoja na umri na jinsia kama kamanda amesema. Jina na sura visubiri afikishwe mahakamani. Zaidi ya haki yake ya kutohukumiwa kabla, kuna sababu ya kiutendaji ambayo meneja anaweza kuielewa haraka: polisi wanaweza kuhitaji gwaride la utambuzi, shahidi asimame mbele ya watu wanaofanana na amtaje aliyemwona. Kama sura ya mtuhumiwa imeshapita kwenye ukurasa wenu, wakili wa utetezi atauliza shahidi alimtambua mtu aliyemwona usiku ule au aliyemwona Facebook. Mnaweza kuwa mmemsaidia muuaji kutoka.

Akifikishwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwa shtaka la kuua kwa kukusudia, hatakiwi kujibu chochote, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Linasikilizwa Mahakama Kuu, au na hakimu aliyeongezewa mamlaka. Kwa hiyo kichwa cha "akana kumuua" siku ya kwanza ni uongo, hata kama ripota aliona anatikisa kichwa. Shtaka hilo halina dhamana, basi msiandike "anyimwa dhamana" kana kwamba hakimu alipima akakataa. Halafu kesi itakuwa inakuja kutajwa na kuahirishwa, upelelezi haujakamilika, kwa miezi. Mteueni ripota mmoja aifuate mwanzo hadi mwisho, mwenye daftari lenye namba ya shauri, jina la hakimu, tarehe ijayo na kilichosemwa. Akiondoka kazini, daftari libaki.

Na neno "muuaji" lisubiri hukumu, "mauaji ya kukusudia" vilevile. Katika kesi ya Mwangosi, askari alishtakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miaka 15. Ni makosa mawili tofauti yenye adhabu tofauti. Hata hukumu ikishatoka, kuna rufaa: kaka yake Qandeel alihukumiwa kifungo cha maisha 2019, akaachiwa 2022. Kila habari ya zamani kwenye tovuti yenu iwekewe mstari juu unaosema kesi ilifikia wapi na lini, la sivyo mtu akitafuta jina miaka mitano baadaye atakuta mtu yule yule bado "anashikiliwa".

Sheria nyingine za kuzijua ni mbili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo, na "tumeshea tu" haiwatoi. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2020, zinazosimamiwa na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, zinawahusu pia kwa sababu ya YouTube na kurasa zenu. Kamenti zilizo chini ya posti yenu hesabuni ni mzigo wenu. Kama hamna mtu wa kuzisoma usiku kucha, fungeni kamenti kwenye habari hii. Matusi kwa marehemu yanaandikwa saa sita usiku, na ndugu zake wanayasoma saa kumi na moja alfajiri.

Msibani. Ripota asiende na kipaza sauti mkononi. Apitie kwa mwenyekiti wa mtaa, aulize msemaji wa familia ni nani, afike, asalimie, akae na wanaume au wanawake kama desturi ya pale ilivyo, atoe rambirambi. Kazi ije baadaye, pembeni, kwa dakika chache. Maswali ya kwanza yawe ya uhakika: majina yanaandikwaje, umri, wangependa atajwe kwa kazi gani, picha ipi, akaunti ipi ni yake. Mama akizungumza Kinyakyusa au Kihehe, mtafsiri asiwe ndugu wa mtuhumiwa wala rafiki wa ripota. Tafuteni mwalimu au mtu wa kanisani, na mrekodi maneno ya asili ili tafsiri iweze kukaguliwa. Mtu anayelia asirekodiwe hata akiwa ameruhusu, kwa sababu ruhusa inayotolewa katikati ya kilio huwa haikutafakariwa. Kumrusha mubashara akiagwa, bila ruhusa ya wazi ya msemaji, hapana. Jeneza likifunguliwa, kamera inashushwa.

Mwambie pia anayepanga matangazo ya biashara. Taarifa ya kifo ikifuatiwa na kengele ya "habari hii imeletwa kwako na" duka la nguo, msikilizaji hatasahau, na mfadhili pia hatafurahi. Alisogeze tangazo hilo mbele au nyuma kwa kipindi kizima. YouTube, ile posti ya habari hii izimiwe matangazo. Ni fedha kidogo, na itampa kila mtu ofisini uhuru wa kutafuta kichwa sahihi badala ya kinachobofywa. "INASIKITISHA: Alichofanyiwa staa wa TikTok" kinaficha habari ili mtu abofye. "Polisi Mbeya wamshikilia mmoja kwa mauaji ya mrusha video" kinaisema.

Limebaki suala la mahojiano yenu ya mwaka jana. Hiyo ni mali adimu, kwa sababu pale marehemu alizungumza nanyi kwa hiari, akijua yuko redioni. Mtu mmoja ayasikilize yote kwanza, akiandika dakika kwa dakika. Kama alitaja vitisho, jina la mtu, au anapoishi, mwambieni mpelelezi kwamba mnayo, na akiyahitaji aombe kwa maandishi. Wiki ya msiba toeni sekunde 20 au 30 tu, akieleza kazi yake, bila muziki wa huzuni chini yake. Ondoeni kicheko cha mtangazaji na utani wa studio, maana kilichokuwa kizuri siku ile kitaumiza leo. Mahojiano kamili yanaweza kurudi baada ya mazishi, familia ikiwa imeyasikia kabla, yakiwa na utangulizi unaotaja tarehe yalipofanyika na kesi ilipofikia. Wapeni nakala kwenye flashi, isiyokatwa. Na kama familia ikisema haitaki yarudishwe hewani, yawekeni kwenye maktaba yenu, muandike juu ya faili sababu na tarehe, ili mtangazaji mpya wa mwakani asiyakute na kudhani amevumbua kitu.